Vitabu vya Kumsomea Mtoto

Mwaka jana shemeji yangu, ambaye mwanawe wa kiume alikuwa ametimiza miaka mitano na kuanza chekechea hapa Dar es Salaam, aliniomba nimwandikie orodha ya vitabu kumi vya kudumu, vile ambavyo wazazi huwasomea watoto wao kwa sauti, na watoto hao wakikua huja kuwasomea wana wao. Alinijia mimi kwa kuwa nasomesha fasihi ya Kiswahili katika chuo kikuu, na katika jamaa zetu mtu aitwaye Daktari hudhaniwa kuwa anajua mambo ya namna hii. Niliandika orodha hiyo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Alipoipokea aliisoma toka juu hata chini, kisha akanitazama, akasema, "Shemeji, hivi vyote nitavisoma kwa sauti ya nani?"

Vitabu tisa katika vile kumi vilikuwa vya Kiingereza, na cha kumi kilikuwa tafsiri. Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na maadamu najua kuwa wenzangu wengi wakiombwa orodha kama ile wataandika kama nilivyoandika mimi, nitalitoa hapa bila ya kuwastahi wao wala nafsi yangu.

Kitabu cha kumsomea mtoto ni kitu kimoja, na kitabu cha kumfundisha mtoto kusoma ni kitu kingine. Cha pili hupimwa kwa jicho: herufi zake ni kubwa, sentensi zake ni fupi, na maneno yake ni machache yarudiwayo mpaka jicho liyazoee. Ni chombo chenye kazi yake, nami sikidharau. Mradi wa vitabu vya watoto ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 umefanya katika jambo hili kazi ambayo sisi wa vyuo vikuu tuliiona ndogo mno kwa mikono yetu. Walakini sikio la mtoto wa miaka mitano limetangulia mbele ya jicho lake kwa safari ndefu. Hawezi kulisoma neno "kiambaza", lakini anaweza kulisikia, kulishangaa, kuliuliza, na kesho yake kulitumia mahali pasipo pake. Amsomeaye mtoto kama huyu sentensi za maneno matatu matatu anamlisha uji mtu mwenye meno. Wazazi wangapi hununua kitabu cha kujifunzia herufi, wakakisoma usiku mmoja kwa sauti, wakamwona mtoto anageukia ukutani, kisha wakatangaza kuwa mtoto wao hapendi vitabu! Mtoto hana kosa. Alikuwa na njaa, akaletewa sahani.

Sasa niseme juu ya Kiingereza, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Sikitukani. Nimekula mkate wake, na bila ya hicho nisingalisoma nusu ya vitabu vilivyonipa shahada zangu. Mzazi ampelekaye mtoto wake katika shule ya mchepuo wa Kiingereza ana hesabu zake, nami si mwenye kumlipia ada. Lakini usomaji wa usiku, kabla ya kulala, hauna mtihani. Kitu apatacho mtoto pale si msamiati. Hupata kujua jinsi sentensi ndefu inavyopanda na kushuka, mahali sauti inapongoja, jinsi mjanja anavyosema neno moja akimaanisha jingine. Mambo haya mtoto huyachota katika kinywa cha mtu aliye mwenyeji wa lugha, ambaye anaweza kumpa fisi sauti ya puani na sultani sauti ya kifuani bila ya kufikiri. Mama asomaye kwa kupapasa lugha asiyoiota ndotoni hana sauti ya fisi. Anatembea juu ya maneno kama mtu atembeaye juu ya mawe ya mtoni, akiogopa kuteleza, na mtoto aliye ubavuni pake anajua. Hujifunza usiku huo somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba kitabu ni mahali ambapo mama yake hupungua.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, nilialikwa kutazama kipindi cha hadithi. Mwalimu, binti mwema na mchangamfu, alisoma kitabu cha Kiingereza chenye picha nzuri za theluji. Watoto walikaa kimya kabisa. Mkuu wa shule aliniambia kwa fahari kuwa ndivyo walivyo na nidhamu. Baada ya kipindi, mwalimu yule yule akawaambia kwa Kiswahili habari ya paka aliyeingia jikoni kwake asubuhi, na darasa zima likafumka kwa maswali. Nidhamu ilikuwa imekwisha. Kusikiliza kulikuwa kumeanza.

Wenzangu wa chuoni watanijibu kuwa nabomoa nyumba ya mtu nisiyeweza kumpa hifadhi. Watasema: Kiswahili hakina vitabu vya kudumu kwa mtoto wa umri huo. Watahesabu kwa vidole: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ni cha watu wazima, Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kinahitaji kijana, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vilivyofasiriwa mwaka 1929, ni vya wavulana wakubwa. Hesabu yao ni sahihi, na hitimisho lao ni potofu. Wametafuta miongoni mwa vitabu vilivyotungwa kwa kalamu, hali ya kuwa kitabu cha kudumu cha mtoto mdogo, katika karibu kila lugha niijuayo, kilikuwa kwanza kitu kilichosimuliwa, ndipo kikaandikwa. Hapo wasipopataka kupatazama ndipo penye hazina yetu.

Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alipiga chapa London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja wa kitabu na Kiingereza upande wa pili. Najua itakavyosemwa: kitabu cha mmisionari. Kalamu ilikuwa yake, ndiyo. Kinywa hakikuwa chake. Sisi tunaokitumia kitabu hicho kwa mambo ya sarufi na lahaja tumekifunga katika makabati ya wataalamu, kana kwamba wasimuliaji wale walikuwa wakitoa mifano ya nyakati za vitenzi.

Chukua hadithi ya Mwalimu Goso iliyomo humo. Goso alisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda kwa siri kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, wakaondoka kumtafuta mwuaji. Wanaukamata upepo wa kusi na kuupiga. Kusi inasema, kama ningekuwa na nguvu ningezuiwa na kiambaza? Wanakwenda kwa kiambaza. Nacho chatobolewa na panya. Panya aliwa na paka, paka afungwa kwa kamba, kamba yakatwa na kisu, kisu chaingia motoni, moto wazimwa na maji, maji yanywewa na ng'ombe, na hivyo hivyo mpaka kwa paa. Nawaomba wenzangu waisome kwa sauti mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa kama wanaona haya. Swali ni lile lile na jibu ni lile lile, jina moja tu ndilo linalobadilika. Ifikapo mara ya tatu, mtoto wa miaka mitano amekwisha kushika ufunguo. Ifikapo mara ya tano yeye ndiye asemaye na wewe ndiwe ufuataye. Hakuna mtungaji wa mtaala aliyebuni chombo bora kuliko hiki cha kumfundisha mtoto mpango wa hoja, nacho kilikuwa tayari Unguja zaidi ya miaka 150 iliyopita. Jambo la kuchekesha, kama ni la kuchekesha, ni kwamba mwaka 1901 George Bateman aliitoa hadithi hiyo kwa Kiingereza katika kitabu chake cha hadithi za Unguja, kilichopigwa chapa Chicago. Watoto wa Chicago walipata kumjua Goso. Wa Kariakoo tunawasomea habari za theluji.

Na mwisho wa hadithi je? Wanafunzi wanamwuliza paa, naye hajibu neno. Basi wanamwua. Tazama ukali wa jambo hili. Paa ndiye mwenye kosa kweli, lakini wanafunzi hawakumwona akipanda. Wanamhukumu kwa kuwa amenyamaza. Na kusi, panya na ng'ombe wamepona kwa sababu walikuwa na la kusema. Hakuna mtoto asikiaye mwisho huu asiulize swali, na hakuna mzazi aulizwaye akawa na jibu jepesi.

Miaka michache iliyopita mchapishaji mmoja aliniletea mswada wa hadithi hii niutolee maoni. Paa alikuwa ameomba radhi, wanafunzi walikuwa wamemsamehe, Goso hakufa bali alizirai, na chini kabisa palikuwa na mstari ukisema kuwa tusiibe. Niliandika kurasa sita kuupinga. Nikaambiwa kwa adabu kuwa wanunuzi wa vitabu vya watoto hutaka mafunzo mema. Nasema tena hapa nililosema pale: asiyeweza kuivumilia hadithi na aiache yote, asiivunje miguu ili ienee katika kitanda chake. Mimi mwenyewe simsomei mtoto wa miaka mitano hadithi ya Sultani Darai, ijapokuwa ni nzuri kuliko zote mkusanyoni. Ni ndefu, na paa aliyemtajirisha maskini hufa kwa kupuuzwa na bwana wake, huzuni ambayo naona inamfaa mtoto wa miaka minane. Naingoja. Siitii sukari.

Wako pia wenye kudai kinyume, kwamba tusimpe mtoto ila kilicho chetu halisi, kisichoguswa na mgeni. Hao nao wapotea. Hadithi ya kima na papa, ambamo kima aliyepakiwa mgongoni mwa papa aokoka kwa kusema kuwa kima huacha mioyo yao mitini, ina ndugu yake India katika Panchatantra, ambako papa ni mamba, na mwingine katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu. Haikuombewa ruhusa ya kutua pwani yetu. Ilipata papa, ikapata mkuyu, ikakaa. Sikatai tafsiri, basi. Nataka tafsiri iliyopata mkuyu. Kitabu cha Lewis Carroll kimefasiriwa mara mbili kwa Kiswahili: mwaka 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, kikiwa na picha za Elisi msichana wa Kiafrika, na mwaka 2015 kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Zote mbili zastahili rafu. Lakini Carroll alimsimulia kisa hicho Alice Liddell mwaka 1862 akiwa na miaka kumi, na mchezo wake wa maneno ni wa umri huo. Kumpa mtoto wa chekechea kwa kuwa tu jina lake ni kubwa ni kumvisha joho la baba.

Maana majina makubwa ndiyo yaliyoniponza. Orodha yangu ya kwanza niliitoa katika orodha za watu wengine, nikadhani mabingwa wamekwisha kuamua. Katika ile tisa palikuwamo Goodnight Moon cha Margaret Wise Brown, kilichotoka mwaka 1947. Maktaba kuu ya umma ya New York haikukiweka katika rafu zake mpaka mwaka 1972, kwa kuwa mabingwa wake hawakukipenda. Kwa miaka ishirini na mitano watoto walikidai kila usiku bila ya idhini yao. Kama mabingwa hawakuweza kuwachagulia watoto waliokuwa mtaa wa pili, kwa nini niwaachie wamchagulie mtoto wa Magomeni?

Nilimwandikia shemeji orodha mpya. Ilikuwa na majina manne tu, la kwanza likiwa Goso. Kwa kuwa sikuona dukani chapa iliyonipendeza, niliinakili hadithi mwenyewe katika kurasa nne kwa tahajia ya leo, nikimwachia kila mtu na kila kitu kilichomo, na kiambaza kikabaki kiambaza. Nilimwagiza aisome kwanza peke yake kwa sauti mara mbili, ili asikutane na neno geni mbele ya mtoto, na asieleze maana ya neno mpaka aulizwe.

Siku ya tatu alinipigia simu saa nne za usiku. Mtoto alikuwa amekwenda kwa bibi yake kuuliza kiambaza ni nini, akaonyeshwa kwa vijiti na udongo uani, akarudi na matope mpaka viwikoni. Sasa alikuwa amekataa kulala kwa sababu anataka kujua kwa nini paa hakujibu. Shemeji aliniuliza amwambie nini. Nikamwambia amsomee tena. Akasema amekwisha kumsomea mara tatu usiku ule, na sauti imemkauka.