Togwa la bibi ndani ya kopo la Korea

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya mitihani ya katikati ya muhula. Sasa imeisha, usingizi umerudi, na nina jambo limenikaa kooni tangu juzi usiku. Linahusu maduka ya huku Korea, vinywaji vyake na vitafunwa vyake. Najua kuna watakaosema, "Huyu naye kapelekwa kusoma, anatuletea habari za soda." Subirini nimalize ndio mnipige mawe.

Kwanza niwaeleze duka lenyewe. Wakorea wanaliita pyeonuijeom. Ni duka dogo la kona, mlango wa kioo, taa nyeupe, na mengi yake hayafungwi usiku wala mchana. Ukitoka bweni letu hapa Daegu unayakuta matatu kabla hujafika kituo cha basi. Ukijumlisha ya kampuni zote, CU, GS25, 7-Eleven na Emart24, ni zaidi ya elfu 50, kwenye nchi ambayo ingeingia karibu mara tisa ndani ya Tanzania. Kwa hiyo Mkorea akisema "ngoja niende dukani mara moja", kweli anakwenda mara moja.

Mwanafunzi analipendea nini? Bei na kiti. Unachukua tambi za kikombe, unafungua kifuniko nusu, unakwenda kwenye mashine ya maji ya moto pale pale ndani, unajaza mpaka kwenye mstari, unasubiri dakika tatu au nne. Hayo maji hulipii. Unaongeza gimbap ya pembetatu, yaani wali uliofungwa kwa mwani na katikati kuna samaki jodari au nyama. Kwenye karatasi yake kuna namba 1, 2, 3 za kukuonyesha uvute wapi kwanza. Mimi wiki ya kwanza nilivuta 3 nikaanzia huko, wali ukabaki mkononi na mwani ukabaki kwenye karatasi, kwi kwi kwi. Halafu unakaa kwenye kile kibao cha dirishani, unakula peke yako, na hakuna anayekuuliza mbona uko peke yako. Mwaka wangu wa kwanza, ule wa kusoma lugha kabla ya kuanza shahada, kile kibao kilikuwa ndio sebule yangu. Maneno mengi ya mtihani wa TOPIK niliyasoma kwenye makopo kabla ya kuyakuta kitabuni.

Basi turudi juzi. Joto la Daegu likianza halina adabu. Wakorea wenyewe wanauita mji huu kwa utani "Daefrica", yaani Daegu na Afrika. Mimi mtoto wa Songea, ninakotoka asubuhi tunavaa sweta, wananiambia eti hapa lazima najisikia nyumbani! Nikaingia dukani kutafuta kitu cha baridi. Nikaona kopo sijawahi kulinunua, limeandikwa sikhye. Nikafungua, nikanywa funda la kwanza, nikasimama.

Jamani, lilikuwa togwa.

Sawa, si togwa kabisa. Ni jepesi kama maji, halina uchachu, na ndani kuna punje za wali zinaelea. Lakini ule utamu wa kimea nikiwa nimefumba macho siwezi kuukosea. Nimekulia ndani yake. Kesho yake nikamuuliza mwanafunzi mwenzangu wa Kikorea linavyotengenezwa. Akaniambia bibi yake hulipika kila mwaka mpya wao, Seollal. Anachukua shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, anailoweka, anachuja yale maji, anayamwagia wali uliopikwa, kisha anauacha kwenye jiko la wali la umeme upande wa kutunza joto kwa saa kadhaa. Punje zikianza kuelea, anajua tayari. Anachemsha na sukari na tangawizi, anapoza.

Mimi nikamweleza la kwetu. Bibi yangu anaotesha ulezi, anaukausha juani, anausaga. Anapika uji wa mahindi mzito, anauacha upoe mpaka kidole kivumilie, anatia unga wa kimea, anakoroga. Ule uji uliokuwa mzito unalegea wenyewe na kuanza kuwa mtamu bila sukari. Ukilala usiku mmoja unapata ule uchachu mzuri. Mwenzangu akacheka akasema, "Bibi zetu ni ndugu." Nikacheka na mimi, lakini kuna kitu kilinichoma. Nitawaambia baadaye ni kitu gani.

Kwanza tazameni hilo friji vizuri. Nilirudi jioni nikalisimamia kama mkaguzi. Sikhye liko mlango mmoja na Coca-Cola. Kuna chai ya shayiri ya kukaanga kwenye chupa. Kuna kinywaji cha mdalasini na tangawizi, sujeonggwa. Kuna chai ya nywele za mahindi! Zile nyuzi ambazo sisi tukimenya hindi tunatupa au tunampa mbuzi, wao wanaziita ndevu za mahindi, wanazichemsha, wanazitia kwenye chupa na watu wananunua. Kwenye rafu za vitafunwa kuna Saeukkang, vijiti vyenye ladha ya kamba ambavyo viko sokoni tangu mwaka 1971. Kwa mtu aliyezoea dagaa wa kukaanga, hivyo vinakwenda vyenyewe.

Na kuna maziwa ya ndizi, ambayo wageni wote tunaanza nayo. Kampuni ya Binggrae iliyaleta mwaka 1974. Wakati huo ndizi Korea zilikuwa ghali, kitu cha wenye uwezo. Mimi niliposikia hivyo nilicheka sana, maana kwetu ndizi hata mgeni asiyealikwa anapewa. Lakini angalieni chupa yake. Ni fupi, ina tumbo. Umbo lile wamelitoa kwenye mtungi wao wa kienyeji. Yaani ladha ilikuwa ya kigeni, wakaimimina kwenye chungu cha bibi.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa hoja yangu. Duka lenyewe si la Wakorea. 7-Eleven ilianzia Texas, Marekani, mwaka 1927, na ilifungua duka la kwanza Korea mjini Seoul mwaka 1989. Tambi za papo kwa papo zilibuniwa Japani mwaka 1958, Wakorea wakaanza kutengeneza zao mwaka 1963. Ile gimbap ya pembetatu nayo umbo lake ni la Kijapani. Walipokea nyumba ya watu, lakini walipoingia ndani walipanga vyombo vyao. Hawakusema "hiki ni cha kishamba, kikae nje". Sikhye la kijijini limepewa kopo, bei, tarehe ya mwisho wa matumizi, na nafasi kwenye friji pamoja na soda ya Mmarekani. Anayelinunua haoni aibu.

Sisi je? Nakumbuka stendi. Soda iko ndani ya friji lenye kufuli, togwa liko kwenye ndoo chini ya mwembe. Soda unanunua ukiwa na mgeni, togwa unakunywa ukiwa na kiu na hakuna anayekuona. Na msiniambie haiwezekani. Chibuku ilipata boksi lake la karatasi zamani, watu wakanywa. Ubuyu wa Zanzibar umetiwa rangi na viungo, ukafungwa, umesafiri mpaka huku kwenye mabegi ya wanafunzi. Kwa hiyo tatizo si mashine peke yake. Tatizo lingine ni macho yetu.

Na hapa ndio niseme kile kilichonichoma. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Ada tulikuwa hatulipi, lakini michango, madaftari, sabuni na nauli vyote vilitoka kwenye ndoo ya togwa ya bibi. Siku moja ya wazazi akaja. Alipanda basi kutoka kijijini na dumu la lita tano, limefungwa kanga ili lisipate joto. Wenzangu walikuwa wameletewa soda na keki. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, gawana na wenzako." Nikamwitikia ndiyo bibi. Alipoondoka nililificha dumu chini ya kitanda, na usiku nikaenda kulimwaga nyuma ya bweni. Lita tano. Sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa juzi niko Daegu nimelipa won zangu kununua kikopo kidogo cha kitu kile kile, na nakinywa dirishani kila mtu ananiona. Ndio maana nikasema limenikaa kooni.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi ni za kweli. Mshikaji wangu mmoja, Mkenya, aliniambia, "Wewe unasifu kopo, lakini kopo ndilo linaloua ndoo." Ana pointi. Kiwanda kikiingia, mama wa ndoo anaweza kubaki bila mteja. Tena yule mwenzangu wa Kikorea mwenyewe anasema sikhye la kopo ni sukari tupu, halifikii la bibi yake. Nimeonja, nakubali, lina utamu wa kuumiza meno. Na uchachu wa togwa ni kitu hai, ukilifunga ovyo litaumuka na kopo litapasuka. Kwa hiyo sisemi kesho tukajenge kiwanda. Nasema tuanze kabla ya kiwanda. Yule mama wa ndoo apate friji dogo na chupa safi zenye jina lake, na sisi tulionyoosha tai tununue kwake mchana kweupe. Bibi wa Kikorea naye bado anapika lake, kopo halijamfukuza jikoni, kwa sababu wajukuu zake wanajua tofauti na wanaidai.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo niongeze la darasani. Kidato cha pili na cha tatu tulikariri kuwa kimeng'enya kiitwacho amilesi huvunja wanga kuwa sukari. Tulitumia mate na ayodini, tukachora mchoro, tukapata alama. Hakuna siku hata moja mwalimu alisema kuwa mbegu ikiota inatoa kimeng'enya hicho hicho, na kwamba uji unalegea na kuwa mtamu kwa sababu hiyo. Bibi alikuwa anafanya jaribio lile kila asubuhi, na alijua mpaka kiwango cha joto bila kipimajoto: ukitia kimea uji ukiwa unachemka, unakiua, togwa halitoki. Mimi nikamwaga maabara nzima nyuma ya bweni kwa sababu hakuna aliyeniambia kuwa ni maabara. Simlaumu mwalimu, naye hakuambiwa. Lakini nikimaliza hapa na kupangiwa shule yoyote ile, somo langu la amilesi litaanza na ndoo.

Jana nikampigia bibi kwa simu ya binamu yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama nakula. Nikamwambia nimekuta togwa Korea, la wali, ndani ya kopo la bati. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Wanauza shilingi ngapi?" Nikamgeuzia won kuwa shilingi. Akashangaa kwa sauti, akamwita jirani aje asikie. Halafu akasema, "Hao wana akili. Lakini wali? Wamekosa ulezi?"

Nilikuwa nimepanga kumwambia kuhusu lile dumu. Sikuweza, jirani alikuwa keshafika na simu ilikuwa kwenye spika. Nitamwambia nikirudi likizo, uso kwa uso, nikiwa nimeshika kikombe.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Anayebisha abishe, nakaribisha hoja, matusi aache mlangoni. Na kama kuna aliyekaribu na stendi ya Songea, apite chini ya mwembe, aagize kikombe kikubwa, akinywee pale pale mbele ya watu.