Bi harusi, taja baskeli kwenye mahari

Jumapili tulitoka Paje kwa baskeli, mafundi watatu, tukapita Jambiani na Makunduchi mpaka Kizimkazi Dimbani, karibu kilomita 30. Kusi linatupiga usoni. Jambiani pindo la buibui la mwenzetu likaingia kwenye cheni, akaanguka, goti likachubuka. Ikabidi tulikate kwa mkasi. Kosa si la baskeli, ni letu tulioshona: buibui la kuendeshea linataka mpasuo pande mbili, na ndani suruali pana yenye mpira miguuni. Stara haipungui hata kidogo.

Makunduchi mzee mmoja akatuuliza, "Wanangu, waume zenu wanajua?" Tukamjibu, "Wanajua babu, wao ndio waliotujazia upepo." Akacheka, akatuombea dua.

Tulipumzika karibu na ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, tukala mihogo tukizungumza. Mahari ni haki yako wewe. Wengi hutaja kitanda na kabati, kisha kwenda sokoni tu mpaka waombe nauli. Sisi tunasema taja baskeli. Nguo tutakushonea, na pindo tutalipima ukiwa umeshakaa juu ya siti.