Mashine Isiyopalilia Haimkomboi Mkulima wa Mpunga

Wapo wasomi wanaolisifu jembe la mkono ilhali wao wenyewe hawajalishika tangu walipoacha shule. Hao hudai kwamba mkulima mdogo amelizoea na kwamba mashine ni anasa ya matajiri, kisha hujikinga kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo huwaonya wavivu. Haikutungwa ili kumfunga mwanadamu matopeni, mgongo umepinda, maisha yake yote.

Azimio la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, lilidai kilimo cha kisasa. Nusu karne imepita. Katika mabonde mengi ya mpunga plau la ng'ombe na trekta vimefika, lakini miche bado hupandikizwa kwa vidole, magugu hung'olewa kwa mkono, na wengi hukata mpunga kwa mundu na kuupura kwa kuupiga juu ya gogo. Kazi iliyopata mashine kwanza ni kulima. Kazi zilizosahauliwa ni zile ambazo kwa sehemu kubwa hufanywa na akina mama.

Hapo ndipo kosa lilipo. Trekta likilima ekari tatu mahali palipolimwa moja, magugu ya ekari tatu huota, na mikono ya kuyapalilia ni ile ile. Palizi ikichelewa katika majuma ya mwanzo, mavuno hupotea hata kama shamba lililimwa vizuri namna gani. Basi mashine iliyokuja kupunguza mzigo imeuhamisha tu kutoka bega la mume hadi mgongo wa mke. Hayo si maendeleo.

Kosa la pili ni la ofisini. Matrekta madogo ya mkono, yaani pawatila, yaliyosambazwa kwa wingi wakati wa Kilimo Kwanza, kaulimbiu iliyotangazwa mwaka 2009, yanafaa hasa kuvuruga majaruba yenye maji. Mengine yalipelekwa kwenye ardhi kavu na ngumu, pasipo vipuri wala fundi, yakaishia kuota kutu. Afisa anayehesabu mashine zilizopokelewa badala ya ekari zilizolimwa huandika taarifa nzuri, lakini hajamsaidia mkulima.

Wengine huuliza: mashine zikija, vibarua wataishije? Swali hilo ni la haki. Wapo akina mama wasio na majaruba ambao fedha ya karo hutoka kwenye palizi za watu. Mashine ikimilikiwa na tajiri mmoja anayeikodisha kwa bei aipendayo, hao watatupwa nje na unyonyaji utapata injini. Ikimilikiwa na chama cha ushirika, na vibarua hao wakiwa wanachama waliofunzwa kuitumia, wao ndio watakaouza kazi yake. Hivyo swali la kwanza si bei ya mashine, bali ni ya nani.

Wala si lazima kuanza na makubwa. Kipalizi cha kusukuma kwa mkono, chenye magurudumu ya meno, hakihitaji mafuta. Huyafukia magugu topeni, na fundi wa vyuma wa wilayani aweza kukitengeneza. Sharti lake ni miche ipandwe kwa mistari, kwa kamba. Mashine ya kupura kwa kukanyaga nayo huwafaa wakulima kadhaa kwa zamu. Chuo cha kilimo cha Chekereni, Moshi, kimefundisha kilimo cha mpunga tangu miaka ya 1990, na CAMARTEC, Arusha, iliundwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za namna hiyo. Maarifa yapo, kinachokosekana ni kuyafikisha jarubani.

Wajibu wa walimu ni mzito. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi iwe sehemu ya elimu; mwalimu anayempa mtoto jembe kama adhabu humfundisha kwamba kilimo ni jela. Hiyo ni kasumba ya kikoloni, na haina budi kung'olewa. Bwana shamba naye ahukumiwe kwa palizi iliyomalizika kwa wakati, si kwa mashine iliyopigwa picha siku ya kukabidhiwa. Mkulima ameyabeba mazao ya nchi hii kwa mgongo wake. Ana haki ya kuunyoosha.