Utafiti Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza: Funzo Kutoka Kongwa

Tarehe 16 Machi 2020, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19. Wakati huo, tafiti nyingi duniani zinazokutanisha watu zilikuwa zikisitishwa, zikiwemo zile zinazotumia miwani ya uhalisia pepe, yaani chombo kinachofunika macho na kumwonesha mtu mazingira yaliyoundwa na kompyuta. Miwani hiyo hugusa paji la uso, pua na mashavu ya mtu mmoja, kisha huvishwa mwingine. Je, ni halali kuendelea na utafiti ambao chombo chake chaweza kuhamisha maradhi?

Wilaya ya Kongwa inalifahamu vema jambo hili. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, huenea kwa mikono, kwa kitambaa kinachofuta nyuso za wengi, na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Maambukizi yanaporudiarudia, kope hujikunja ndani na kukwaruza jicho hadi upofu. Watafiti, akiwemo Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, walilinganisha vijiji 6 vya Kongwa. Vyote vilipewa dawa ya macho. Katika vijiji 3, wazazi walihamasishwa pia kuwaosha watoto wao nyuso. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionesha kwamba, katika vijiji hivyo 3, nyuso zilikuwa safi zaidi na trakoma kali ilipungua. Yafaa kukumbuka kwamba hakuna kijiji kilichonyimwa tiba ili elimu ipatikane.

Tarehe 1 Aprili 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kuahirisha upimaji wa trakoma vijijini na ugawaji wa dawa kwa umma, kwani mpimaji hulazimika kusogea karibu na uso na kugeuza kope kwa vidole. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini ulikuwa na gharama: trakoma haikuahirishwa. Utafiti wa uhalisia pepe, kwa sehemu kubwa, waweza kusubiri, au kufanywa na washiriki wenye miwani yao nyumbani. Tiba ya macho ya mtoto haiwezi kusubiri muda mrefu. Busara, basi, si kusimamisha kila kitu. Ni kupima uzito wa hatari na uzito wa hitaji.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2295, inafundisha kwamba utafiti juu ya binadamu si halali kimaadili endapo unamweka mtu katika hatari isiyolingana na manufaa yake, au inayoweza kuepukika. Na ridhaa ya mshiriki peke yake haiuhalalishi. Hapa ndipo wajibu mkubwa unapomwangukia mtafiti, wala si mwanakijiji maskini aliyekubali kwa heshima ya mgeni.

Hata hivyo, mwamini anayo haki ya kuuliza kabla ya yeye au mwanawe kuguswa usoni: Je, utafiti huu una kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR? Chombo hiki kimesafishwaje tangu kilipotumiwa na aliyetangulia? Nikikataa, nitaendelea kupata matibabu? Mtafiti anayeheshimu utu wa binadamu hatachukizwa na maswali haya. Atakuwa amekwisha kujiuliza mwenyewe kabla ya kufika kijijini.