Mwacheni mama mboga, ifuateni Hazina Kuu
KAULI YA WIKI na Rehema Mwachiro

Paa la nyumba yako ni la nini? Mnapikia kuni, makaa au gesi? Choo je, ni cha shimo? Mna mifugo? Mkenya asiye na mshahara akijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, huulizwa maswali ya namna hii, kisha mtambo hupiga hesabu na kumwambia atachangia kiasi gani kwa bima ya afya. Hakuna anayemuuliza ameuza nini leo. Mjane anayeishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na mumewe huonekana wa kujiweza, hata kama sukuma wiki aliyonunua alfajiri imemnyaukia kibandani.

Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kabla hajauona. Aliyekuwa akipata Sh100,000 na kutozwa Sh1,700 enzi za NHIF, bima ya zamani, sasa hutozwa Sh2,750, na kelele zake tumezisikia. Lakini asiye na mshahara anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani Sh3,600 kwa uchache. Ilipodhihirika kwamba wengi hawana mkupuo huo, tukaletewa Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia bima. Jirani yangu auzaye mitumba nilipomweleza kwamba anaweza kukopa leo, akiwa mzima, kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda usimpate, alicheka hadi akakaa chini.

SHA ilianza kazi Oktoba 1, 2024, ikichukua nafasi ya NHIF iliyoundwa mwaka wa 1966. Waliojisajili wamepita milioni 20, na kila mkutano wa hadhara hutajiwa idadi hiyo. Kujisajili ni bure, ndiyo maana. Ukija kwa wanaochangia bila kukatwa kwenye mshahara, ni wachache mno, na wakubwa wanasema dawa yake ni hamasisho: machifu, wahudumu wa afya ya jamii, redio, mabaraza.

Mimi sioni kwamba hapa pana upungufu wa hamasisho. Mama mboga hajakataa kuchangia. Anachangia kila siku. Akinunua sabuni kuna VAT ya asilimia 16. Akiweka salio la simu kuna ushuru wa asilimia 15. Ada anayokatwa akituma pesa kwa simu ina ushuru ndani yake. KRA, mamlaka ya ushuru, inamfikia bila kumuuliza habari za paa. Sasa inakuja idara nyingine na kitabu cha pili cha risiti, inamdai moja kwa moja, inaajiri watu wa kumtafuta, inamtumia ujumbe wa kumkumbusha, na mwisho wa yote inakusanya kidogo.

Kuna wakati tulikuwa tumepata njia ya kuepuka kitabu hicho cha pili. Juni 2013 serikali ya Uhuru Kenyatta ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Baadaye mpango huo ukaitwa Linda Mama na ukawekwa chini ya NHIF. Kodi ndiyo iliyolipa. Mjamzito alikuja na kitambulisho na tumbo lake, basi. Chini ya SHA mpango huo umegeuzwa kuwa Linda Jamii, na anayetaka kujifungulia hospitali kubwa lazima mchango wake uwe umelipwa. Bima inalipa Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji, lakini inamlipia aliyekwisha kulipa. Ni mageuzi yanayorudi nyuma, na sijaelewa kwa nini hayakuzua mjadala mkali zaidi bungeni.

Ndiyo maana bima halisi ya Mkenya bado ni kundi la WhatsApp. Unaingizwa bila kuulizwa. Jina la kundi ni la mgonjwa, na chini yake pana nambari ya paybill na picha ya bili iliyopigwa kwa mkono unaotetemeka. Halafu orodha: namba moja Sh5,000, namba mbili Sh1,000, namba kumi na saba Sh200. Mwekahazina huibandika upya kila jioni ili ambao hawajatoa wajione hawamo. Kwa orodha hiyo mwenye wapwa Nairobi na binti Marekani hutoka wodini wiki hiyo hiyo. Asiye nao hubaki kitandani amepona, bili ikiongezeka kila kunapokucha.

Tusiambiwe kwamba kulipia matibabu kwa kodi ni mambo ya Ulaya. Thailand ilianza mpango wake wa baht 30 mwaka wa 2001, pato la mtu mmoja kwa mwaka likiwa takriban dola 2,000. Wakulima na wachuuzi hawakutumiwa bili ya mchango. Bajeti ya serikali iliwabeba. Ghana nayo, kwa sheria ya 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma kwa ajili ya bima ya afya, na sehemu kubwa ya pesa za bima hiyo hutoka huko. Ila hapo Ghana tujifunze na ujanja wa wizara za fedha. Mwaka wa 2017 serikali iliweka kikomo kwa mifuko ya aina hiyo, pesa zilizokusanywa kwa jina la afya zikawa zinabaki Hazina kufanya kazi nyingine, hadi bajeti ya 2025 ilipoondoa kikomo hicho kwa bima ya afya.

Kwetu tatizo linaanzia kwenye mgao wenyewe. Hazina ya Afya ya Msingi, inayotakiwa kulipia matibabu ya kila Mkenya katika zahanati na vituo vya afya bila mchango wowote, ilitengewa Sh13.1 bilioni katika bajeti ya 2025/26. Gawanya kwa Wakenya zaidi ya milioni 50. Haifiki Sh265 kwa mtu kwa mwaka mzima. Serikali inayomwona mama mboga mkaidi kwa kukosa Sh300 za mwezi imemtengea chini ya hizo kwa miezi kumi na miwili.

Najua jibu litakalokuja: madeni, riba, na kwamba vijana waliopinga Mswada wa Fedha Juni 2024 hawataki kusikia kodi mpya. Kweli hawataki, nami sitaki VAT kwenye mkate. Lakini mbona misamaha ya kodi kwa makampuni haiulizwi maswali ya paa na choo? Na sigara na pombe, zinazotujazia wodi, zitozwe zaidi, pesa zake zifungwe kisheria kwa afya. Wengine watasema zitaibwa tu. Hizi za SHA je, haziibwi? Vituo vilivyofungiwa kwa madai hewa tumevisikia sote.

Oktoba 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba serikali itawalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Vyema, ingawa bado ni lazima mtu achujwe na kuthibitishwa kwamba ni fukara wa kutosha. Pensheni ya Inua Jamii kwa waliofikisha miaka 70 haikuhitaji hayo ilipofunguliwa kwa wote mwaka wa 2018: kitambulisho kikionyesha miaka, unapewa Sh2,000 zako za mwezi. Huchelewa, tena sana, lakini hakuna anayekuja kukagua choo cha bibi.

Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili kuisha, na kamati hukaribisha maoni ya wananchi. Wapo watakaokwenda kuulizia barabara. Mimi nitauliza Sh13.1 bilioni zimekuwa ngapi, na kati ya hizo ni ngapi zilizofika zahanati.