Mama wa Supa Modo na mtoto aliyekatazwa kucheza

MGOGONI, Pemba. Baada ya sala ya Isha, mama mmoja aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akakaa mkekani na mama mkwe wake kutazama filamu. Chumbani alilala mwanawe wa miaka 8, mwenye selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita. Jioni ile mtoto alikuwa amelia tena. Wenzake walikuwa wakicheza mpira, naye amekatazwa kutoka.

Filamu ilikuwa Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akanyamaza, akamtazama mkwewe.

“Mwanangu, huyo mama ni wewe.”

Mama anayesemwa ni Kathryn, ameigizwa na Marrianne Nungo. Ni mkunga. Anapokea watoto wa wenzake, ilhali wa kwake, Jo mwenye miaka 9, ana ugonjwa ambao hautapona. Anamtoa hospitali, anamrudisha kijijini Maweni, na anataka alale tu, apumzike.

Katika tamthilia nyingi tulizozizoea, mama mwenye uchungu hulia kwa sauti na kujitupa chini. Nungo hafanyi hivyo. Uchungu wake unatoka kama ukali. Mwanzo mtazamaji anamkasirikia, anamwona mama mgumu asiyemwonea mtoto huruma. Polepole anaelewa kwamba ukali ule ni woga. Kuucheza woga wa mzazi bila mayowe ni kazi kubwa, na Nungo ameiweza.

Nyawara Ndambia, anayecheza Mwix, dada mkubwa wa Jo, ndiye analeta kicheko. Jo anapenda mno filamu za mashujaa, basi dada anamwaminisha kwamba naye ana nguvu zisizo za kawaida, kisha anawaomba wanakijiji washirikiane katika mchezo huo. Watu wazima wanajifanya wameshindwa na mtoto mgonjwa. Unacheka, na papo hapo unakumbuka kwa nini wanafanya vile. Ndambia hamwoneshi Mwix kama mjanja tu. Ndani ya kila kichekesho chake kuna dada anayejua kwamba siku zinakwisha. Naye Stycie Waweru, anayecheza Jo, hakubali kuwa mtoto wa kuonewa huruma.

Filamu hiyo ilioneshwa Tamasha la Filamu la Berlin mwaka 2018, na Kenya iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscar.

Kwa wazazi, somo lake ni la kiafya pia. Huduma anayohitaji mtoto kama Jo huitwa tiba shufaa. Wengi wakisikia jina hilo hudhani maana yake madaktari wamekata tamaa. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa watoto huduma hii huanza ugonjwa unapogundulika, na huendelea hata kama mtoto bado anapata matibabu ya kuponya. Inashughulikia maumivu ya mwili, hofu ya mtoto, na mzigo walioubeba wazazi na ndugu zake. Kucheza ni sehemu yake.

Na mtoto akiuliza kuhusu ugonjwa wake, ajibiwe ukweli kwa maneno ya umri wake. Watoto husoma nyuso zetu. Tukinyamaza, hubaki na hofu yao peke yao.

Ni muhimu kutochanganya mambo. Selimundu si ugonjwa wa Jo. Mtoto mwenye selimundu anayetunzwa vizuri na kuhudhuria kliniki anaweza kusoma, kukua na kuzeeka. Anaweza kucheza pia, mradi anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka sana, asikae kwenye baridi na asiruke dawa zake. Akipata homa, maumivu makali, maumivu ya kifua, akihema kwa shida, akipauka ghafla au tumbo likivimba upande wa kushoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kukuche.

Filamu ilipokwisha, wanawake wale wawili walikaa kimya kwa muda.

“Mama, nikimruhusu akaumwa?” mkwe akauliza.

“Tutampeleka hospitali, kama tunavyompeleka sasa hivi anapoumwa kitandani,” bibi akajibu.

Siku ya pili jioni mtoto alitoka. Hakupewa kukimbia uwanja mzima. Wenzake walimpanga golini, na chupa yake ya maji ikawekwa kando ya jiwe la goli. Bibi alikaa chini ya mwembe na tasbihi yake, akihesabu mabao. Walimfunga matano. Alirudi nyumbani akilalamika kwamba mawili hayakuwa halali.