Bingwa alipatikana Jumapili, ligi ikafa Jumapili iliyofuata

JUMAPILI ya Machi 24, 2019, timu ya Calgary Inferno iliichapa Les Canadiennes ya Montreal mabao 5-2 mjini Toronto na kutwaa Kombe la Clarkson, taji lililokuwa kubwa kuliko yote kwa klabu za wanawake za mpira wa magongo wa barafuni nchini Kanada. Siku saba baadaye, Machi 31, bodi ya wakurugenzi ilitangaza kwamba Ligi ya Magongo ya Wanawake ya Kanada (CWHL) ingefungwa kuanzia Mei mosi mwaka huo.

Tangazo hilo liliwakuta wachezaji wengi nyota wakijiandaa kwa mashindano ya dunia nchini Finland. Walikwenda kuziwakilisha nchi zao wakiwa hawana klabu za kurudia.

Mchezo wenyewe ni mgeni kwa wengi katika Afrika Mashariki, ukiacha wachache waliouona katika kiwanja cha barafu cha Panari, jijini Nairobi. Hata hivyo, kisa cha ligi hiyo kinahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa swali lake ni lile lile linaloukabili mchezo wowote wa wanawake: ligi inaweza kuwa na vipaji, ushindani na mashabiki, na bado ikashindwa kuishi?

Jibu la msimu wa 2018-19 ni kwamba inaweza.

Msimu uliokuwa bora

Kwa kipimo cha uwanjani, CWHL haikuwa na sababu ya kufa. Msimu uliotangulia, wachezaji wa timu za taifa za Kanada na Marekani walikuwa kambini kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2018 huko Pyeongchang, ambako Marekani iliibwaga Kanada kwa mikwaju katika fainali. Michezo ilipomalizika, nyota hao walirejea katika klabu.

Calgary iliwapokea Wamarekani Brianna Decker na Kacey Bellamy. Montreal, iliyokuwa na Marie-Philip Poulin, nahodha wa Kanada, ilimwongeza Hilary Knight. Klabu ya Shenzhen ya China ilikuwa na mlinda lango wa Finland, Noora Räty. Ni nadra ligi ya timu sita kukusanya wachezaji wa kiwango hicho.

Lakini ndani ya jedwali hilo hilo kulikuwa na dalili za maradhi. Worcester Blades ya Massachusetts, klabu pekee ya ligi hiyo nchini Marekani, ilimaliza msimu wa michezo 28 bila kushinda hata mmoja. Klabu hiyo ilikuwa imehama kutoka Boston, jiji ambalo tayari lilikuwa na timu katika ligi nyingine. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo.

Fahali wawili

CWHL ilianzishwa mwaka 2007 ikiwa shirika lisilo la faida. Ligi yenyewe ndiyo iliyobeba gharama za viwanja, safari na vifaa vya timu, huku wachezaji wakicheza bila malipo kwa miaka kumi ya mwanzo. Wengi wao walikuwa na kazi nyingine za kuwapatia riziki.

Mwaka 2015 ilizaliwa ligi ya pili, NWHL, nchini Marekani. Hii ilianza na timu nne na ahadi ya kuwalipa wachezaji kati ya dola 10,000 na 26,000 za Marekani kwa msimu. Ahadi hiyo haikudumu. Novemba 2016, katikati ya msimu wa pili, malipo yalipunguzwa.

Hata hivyo, shinikizo lilikuwa limeshaifikia CWHL. Katika msimu wa 2017-18 ilianza kutoa kile ilichokiita posho: dola 2,000 hadi 10,000 za Kanada kwa mchezaji, na ukomo wa dola 100,000 kwa timu nzima. Kwa kikosi cha wachezaji 25, hiyo ni wastani wa dola 4,000 kwa kila mmoja. Fedha hizo hazitoshi kulipa pango la nyumba mjini Toronto kwa nusu mwaka.

Matokeo ya kuwapo ligi mbili yalikuwa rahisi kutabirika. Wadhamini waliokuwa tayari kuingia katika magongo ya wanawake walikuwa wachache, na sasa iliwabidi wachague upande. Wachezaji bora wa dunia hawakuwa wakikutana kila wiki. Nayo NHL, ligi tajiri ya wanaume, iliendelea kutoa mchango mdogo kwa pande zote mbili, huku kamishna wake, Gary Bettman, akisita kuingia kwa nguvu zote wakati mbili zikivutana. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa walikaa, na malisho hayakumtosha hata mmoja.

Fedha za Shenzhen

CWHL ilijaribu kutafuta mapato mbali na nyumbani. Mwaka 2017 iliingiza timu mbili kutoka China, nchi iliyokuwa ikijenga kikosi cha wanawake kwa ajili ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022. China ilipata ushindani na uzoefu. Ligi ikapata fedha zilizosaidia kuanzisha zile posho.

Kimichezo, mpango huo ulizaa matunda haraka: Machi 2018 timu ya Kunlun Red Star ilifika fainali ya Kombe la Clarkson na kufungwa na Markham Thunder 2-1 katika muda wa nyongeza. Lakini msimu uliofuata timu mbili za China zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Ligi iliyoegemea mfadhili mwenye malengo yake, tena yenye tarehe ya mwisho, ilikuwa imejenga juu ya mchanga.

Bodi ilipotangaza kufunga milango, ilieleza kwamba kiwango cha mchezo kilikuwa cha juu, ila muundo wa biashara haukuweza kujiendesha. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha swali kwa nini muundo huo uliachwa kwa miaka 12. Shirika lisilo la faida halina mmiliki anayeweza kuingiza mtaji na kuvumilia hasara akisubiri faida ya kesho. Linaishi kwa udhamini wa mwaka hadi mwaka, na mdhamini mmoja akijitoa, hakuna akiba.

Thamani iliyoonekana usiku mmoja

Miezi miwili kabla ya tangazo hilo lilitokea jambo lililoonyesha pengo lililokuwapo. Januari 2019, katika maonesho ya nyota wa NHL mjini San Jose, Kendall Coyne Schofield alishindana na wanaume katika mbio za kuzunguka uwanja na kutumia sekunde 14.346. Decker naye alionyesha zoezi la kupiga pasi, na mashabiki waliopima muda wake kupitia picha za televisheni wakadai alikuwa na kasi kuliko mshindi wa kiume, ambaye alipewa dola 25,000.

Decker hakuwa mshindani rasmi, hivyo hakustahili zawadi. Baada ya kelele za mashabiki, kampuni ya vifaa vya michezo ya CCM ilijitolea kumlipa kiasi hicho. Kwa zoezi la dakika moja na ushei, alipata zaidi ya mara mbili ya posho ya juu kabisa ya msimu mzima katika ligi yake.

Watazamaji na wadhamini walikuwapo. Hapakuwa na chombo cha kuwageuza kuwa mapato ya kudumu.

Kususia na kurejea

Mei 2, 2019, siku moja baada ya CWHL kufungwa rasmi, wachezaji zaidi ya 200 walitangaza kwamba hawangecheza katika ligi yoyote ya Amerika Kaskazini hadi ipatikane yenye malipo ya kutosha na bima ya afya. Waliunda chama chao, PWHPA, wakazunguka mijini kucheza michezo ya maonesho kwa miaka minne. Kwa baadhi yao, hiyo ilikuwa miaka bora ya ujana wao.

Juni 2023 familia ya tajiri Mark Walter na kampuni ya Billie Jean King ziliinunua NWHL, iliyokuwa ikiitwa PHF wakati huo, na kuifunga. Januari mosi 2024 ikaanza ligi moja, PWHL, kwa timu sita na michezo 24 kwa kila timu. Safari hii mkataba wa pamoja na wachezaji ulitangulia: kima cha chini dola 35,000 za Marekani, wastani wa dola 55,000 kwa timu, na muda wake hadi mwaka 2031.

Wachezaji wengi walikuwa wale wale, na mashabiki walikuja. Aprili 20, 2024, watu 21,105 waliingia Bell Centre mjini Montreal kushuhudia Toronto ikishinda 3-2, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa na mchezo wa magongo ya barafuni wa wanawake. Minnesota, iliyopoteza michezo mitano ya mwisho na kuingia hatua ya mtoano kwa msaada wa matokeo ya wengine, ilitwaa ubingwa. Mwaka 2025 ligi iliongeza timu za Vancouver na Seattle.

Hata hivyo, kuishangilia PWHL bila tahadhari ni kusahau upesi. Mikataba ya wachezaji wa PHF ilifutwa pale ligi yao iliponunuliwa, na si wote waliopata nafasi katika timu sita. Timu zote za ligi mpya zilianza chini ya mmiliki mmoja, na utayari wake wa kubeba hasara ndio nguzo ya jengo lote. CWHL nayo iliwahi kuwa na nguzo moja, huko Shenzhen.

Tofauti iliyopo ni mkataba. Mwaka 2019 wachezaji walifahamishwa kifo cha ligi yao kama watu baki, baada ya uamuzi kupita. Leo wana chama, na saini yao imo katika karatasi inayomfunga mwenye fedha. Haimzuii kuchoka siku moja, lakini kabla ya mwaka 2031 itamlazimu kukaa nao meza moja kwanza.